Mgeni wa Chini ya Meza

Mwezi Mei mwaka 2005, jijini Nairobi, mbwa jike aliyekuwa ananyonyesha aliokota mfuko wa plastiki karibu na msitu wa Ngong. Akaukokota, akavuka nao barabara yenye magari mengi, akaupenyeza kwenye ua wa seng'enge na kuufikisha pale alipowalaza wanawe. Ndani ya mfuko mlikuwa na kichanga wa binadamu, msichana aliyetupwa. Watoto wa mtaani pale wakasikia kilio, wakaita wakubwa, na kichanga akafikishwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta akiwa hai. Hospitalini akaitwa Angel. Mbwa naye akapewa jina na chama cha kutetea wanyama cha Kenya, KSPCA. Wakamwita Mkombozi.

Kabla ya siku ile, yeyote ambaye angemwona angemwita kwa jina la wenzake wote: mbwa koko, au kwa Kiswahili cha Nairobi, mbwa shenzi. Neno hilo limesafiri mbali. Ile jamii ya mbwa wa Kongo inayoitwa Basenji, ambayo Ulaya na Marekani huuzwa kwa fedha nyingi, jina lake lina undugu na ushenzi huo huo. Ushenzi ukivuka bahari hupata cheti cha ukoo.

Habari za Mkombozi zilizunguka dunia nzima. Watu waliuliza sana hali ya mtoto, na ndivyo ilivyopasa. Lakini kwa watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuokota wanyama barabarani, kisa kile kina swali lingine ambalo halikupata nafasi kubwa magazetini. Mbwa wa mtaani akishaokolewa, anaokolewa aende wapi?

KSPCA ilianzishwa mwaka 1910 na makao yake yako Karen. Arusha kuna Mbwa wa Africa, Unguja kuna ZAASO. Kituo cha namna hii, kiwe kikubwa kiwe kidogo, hakikosi tatizo moja: vizimba vinahesabika, mbwa hawahesabiki. Analetwa aliyegongwa na pikipiki, wanaletwa watoto sita ndani ya gunia la mkaa, analetwa mzee ambaye mwenyewe amehamia fleti wasikotaka mbwa. Hapo ndipo anapotafutwa mtu mwenye ua, blanketi kuukuu na subira, amchukue mbwa mmoja nyumbani kwake kwa wiki kadhaa mpaka apatikane wa kukaa naye moja kwa moja. Huyo ndiye mlezi wa muda.

Wapo wanaodhani hayo ni mambo ya Wazungu. Pengine blanketi ni la Wazungu. Kufuga mnyama usiye na haki ya kubaki naye ni jambo la kale huku kwetu: mwenye ng'ombe wengi humfugisha jirani yake, jirani akachunga, akakinga mvua na jua, na siku ikifika ng'ombe akarudi kwa mwenyewe. Tofauti ni kwamba aliyefugishwa ng'ombe hunywa maziwa. Aliyepewa mbwa koko hutafuniwa ndala.

Na je, kuna faida yoyote kwa mbwa mwenyewe, au ni huruma za watu tu? Mwaka 2019 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Lisa Gunter, walitoa matokeo ya kazi waliyofanya na mbwa 207 katika vituo vitano. Mbwa hao walitolewa vizimbani wakalala kwenye nyumba za watu usiku mmoja au miwili, kisha wakarudishwa. Watafiti walipima mkojo wao kutafuta kotisoli, homoni inayopanda mwili ukiwa katika wasiwasi. Nyumbani ilishuka. Waliporudi kituoni ilipanda tena, lakini haikuzidi ilivyokuwa kabla ya kutoka. Tena ilionekana kwamba usingizi mrefu usiokatika waliupata kule kwenye nyumba za watu. Anayejua kizimba kilivyo haoni ajabu. Pale mmoja akibweka, themanini wanaitikia, na taa ya mlinzi haizimwi.

Kwa watoto wa mbwa jambo ni zito zaidi, kwa kuwa wao wana saa inayokwenda. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake wawili, katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, waliwalea watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye ua mrefu wasimwone binadamu. Kila kikundi kilitolewa kwa wiki moja tu kikacheza na watu, kila kimoja kwa umri wake. Waliotolewa wakiwa na wiki tano mpaka tisa walizoea upesi. Wale ambao hawakumjua mtu hadi wiki ya 14 walibaki kama wanyama wa porini, na kuwafuga ikawa kazi isiyoisha. Kwa hiyo mtoto wa mbwa aliyezaliwa kwenye mtaro, akakamatwa na mwezi mmoja na nusu, kisha akawekwa kizimbani miezi miwili akisubiri bahati yake, anaweza kutoka pale ameshiba, amechanjwa, na amechelewa.

Tuiwazie basi nyumba moja ya kawaida kule Ongata Rongai: vyumba vitatu, ua wa mabati, mama, baba na watoto wawili wa shule. Jumamosi saa kumi jioni gari la kituo linaleta mbwa jike wa manjano, umri wa kukisia mwaka mmoja na nusu, sikio la kushoto limeliwa nusu. Mlango unafunguliwa. Watoto wamekwisha kumchagulia jina. Mbwa anapita mbele yao kama hawapo, anaingia chini ya meza ya chakula, anageuza mgongo, anakaza macho ukutani.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waokoaji wa mbwa wana hesabu yao yenye tatu nyingi zaidi: siku tatu za hofu, wiki tatu za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi mitatu ya kuamini kwamba hapa ni kwao. Si sayansi, ni kanuni ya mkono tu, na wako wanaoipita na wasioifikia. Lakini inasaidia kuwatuliza wenye nyumba. Siku ya tatu huyu mgeni hapewi jembe. Siku ya tatu, Mungu akijalia, ndiyo anatoa pua.

Katika siku hizo za kwanza mlezi hujifunza mambo ambayo hakuna fomu ya daktari inayoyauliza. La kwanza kabisa, na kila aliyewahi kukaa na mbwa wa mtaani wa Afrika Mashariki analijua, ni kuinama. Baba wa nyumba ameketi kizingitini, anainama kufunga kamba za viatu. Mbwa aliyekuwa amelala hatua tano kutoka kwake anaruka, anaubana mkia tumboni, anatokomea nyuma ya tangi la maji. Hakuna aliyemgusa. Ila maisha yake yote binadamu akiinama alikuwa anaokota jiwe.

Halafu chakula. Ugali wa kwanza uliochanganywa na omena unamezwa bila kutafunwa, na wa pili unatoweka kwa namna ya kutatanisha, mpaka asubuhi mama anapoinua blanketi na kukuta matonge manne yamefichwa kama akiba ya benki. Hapa ndipo huruma huweza kudhuru. Mbwa aliyekonda mbavu hajazwi sahani siku ya kwanza, hupewa kidogo kidogo mara nne kwa siku, kwa sababu mwili uliozoea njaa ukishtukizwa na shibe huweza kuzidiwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapewi, hupasuka kama vijiti na kuchoma matumbo. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake, hata watoto wakilia vipi kwamba ni kipande kidogo tu.

Hajawahi kukanyaga vigae, anateleza, anaona sakafu inamhujumu. Usiku, saa alizozoea kuzunguka majalalani, macho yake ni makavu na anazunguka sebule. Friji ikinguruma anasimama wima. Haya yote hupita. Kinachobaki baada ya kupita ndiyo tabia yake yenyewe, na tabia hiyo ndiyo mlezi aliyotumwa kuitafuta.

Kabla ya hapo kuna usafi wa mwili, na hapa wanaokula waniwie radhi. Mbwa wa mtaani huja na wapangaji. Kupe wa kahawia wa mbwa ana uwezo wa kuishi ndani ya nyumba, jike mmoja aliyeshiba damu hutaga mayai kwa maelfu kwenye nyufa za ukuta, na huambukiza maradhi yanayokausha damu polepole huku fizi zikiwa nyeupe. Wako wanaokimbilia dawa ya kuogeshea ng'ombe, wakaipima kwa kifuniko cha chupa na kwa macho. Kipimo cha ng'ombe si kipimo cha mbwa wa kilo 12, na mwenye kukijua ni daktari wa mifugo. Kisha kuna nzi yule anayefanya watu wengi wa ukanda huu wapige pasi hata nguo za ndani: hutaga kwenye nguo mbichi, na hutaga pia kwenye mchanga mbwa anapolala. Mabuu huingia chini ya ngozi ya tumbo na nyayo, yakafanya jipu lenye tundu katikati. Mlezi hupaka mafuta mazito juu ya tundu, buu likakosa pumzi, likachungulia, naye akalibinya taratibu lisikatike. Watoto wa nyumba ya Rongai, ambao siku ya kwanza walitaka kumbusu mbwa, sasa wanashindana nani ahesabu. Kumi na saba, mguu mmoja.

Na kuna kichaa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao Asia na Afrika. Chanjo hukizuia. Dalili zikishatokea, dawa hakuna. Kwa miaka mingi jibu la manispaa nyingi lilikuwa risasi na sumu, na mitaa ikajaa mbwa wengine baada ya msimu mmoja. Katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia, ambako ugonjwa uliingia mwaka 1997, waliua mbwa wengi mno, na kichaa kikaendelea. Pemba ilikwenda njia ya chanjo: kichaa kilitoweka, kikarudi mwaka 2016, kampeni zikafanywa upya na kufikia mwishoni mwa 2018 kikatokomezwa tena. Kipimo kinachotumiwa ni mbwa 70 katika kila 100. Kenya nayo ina mpango wake, wa mwaka 2014 hadi 2030. Kwa mlezi mambo ni mepesi kuyataja na magumu kuyavumilia: mbwa achanjwe kabla ya kuzoeana na watoto, na akimuuma mtu, hata kwa kucheza, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Aibu ya kusema mbwa niliyemhurumia ndiye aliyeniuma isimcheleweshe mtu.

Katika wiki hizo hizo jike hufungwa kizazi. Watu huona ni ukatili, lakini mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mlezi asiyesimamia hilo ameokoa mmoja na kuwaandalia mtaro wengine saba.

Mwambao una hesabu yake ya ziada. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja ya hizo kwa udongo. Si jambo la kulipuuza kwa kumwambia jirani kwamba amepitwa na wakati. Lakini mafundisho hayo hayo yanamsimulia mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Yanamtaja pia mbwa wa Watu wa Pangoni, amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Kizingitini, wala si kitandani. Mlezi wa Tanga au Malindi anayejenga banda la makuti upande wa pili wa ua, akaweka bakuli la mbwa peke yake na nguo ya kumhudumia peke yake, hajavunja kitu. Mbwa aliyetoka jalalani hakuomba sofa.

Sasa twende mbali kidogo, Delaware, Marekani. Mwaka 2018 familia ya Joe Biden, wakati huo akiwa ameshaondoka kwenye umakamu wa rais, ilichukua mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd kutoka kituo cha Delaware Humane Association. Alikuwa mmoja wa ndugu waliofikishwa kituoni wakiwa wamedhuriwa na kitu chenye sumu. Walimchukua kwa kulea tu. Novemba 17 mwaka huo huo wakasaini karatasi, akawa wao. Jina lake Major. Walezi hutaniana kwamba aliyeshindwa kumtoa mbwa aliyepewa kulea amefeli mtihani, na Biden alifeli kama wengi walivyofeli kabla yake. Januari 2021, Biden akiwa sasa rais, Major akaingia Ikulu ya Marekani, na magazeti yakaandika kwamba ni wa kwanza kufika pale akitokea kituo cha wanyama. Waliomkumbuka Rais Lyndon Johnson walitabasamu: mbwa wake mpendwa, Yuki, aliokotwa na binti yake kwenye kituo cha mafuta huko Texas mwaka 1966.

Hadithi ya Major ingekoma hapo ingekuwa tamu. Machi 2021 alimuuma mlinzi, na kabla ya mwezi kwisha akamuuma mfanyakazi mwingine. Akapelekwa mafunzoni. Desemba ikatangazwa kwamba amehamia kwa marafiki wa familia, mahali penye utulivu zaidi. Wengine waliona hiyo ni aibu ya mbwa wa kuokotwa. Maoni hayo hayana msingi. Commander, aliyechukua nafasi yake, alipatikana akiwa mdogo kutoka kwa ndugu wa rais, naye aliuma watu mpaka akaondolewa. Mbwa aliyetulia kwenye nyumba ya Delaware yenye watu wale wale kila siku si lazima atulie kwenye jengo ambalo wageni wenye silaha hubadilishana zamu kila baada ya saa chache. Anachokijua mlezi kinahusu nyumba yake, na anayekipokea ni lazima aambiwe kilijulikana wapi, kati ya watu gani, kukiwa na kelele kiasi gani.

Ndiyo maana mlezi hodari haonekani kwa mbwa aliyenona. Anaonekana siku mchukuaji anapokuja. Mlezi dhaifu, kwa haraka ya kumwondoa au kwa mapenzi ya kumpamba, husema ni mpole, hana shida. Wiki ya pili mbwa huyo anarudishwa kituoni, safari hii na sifa mbaya. Mlezi hodari huandika.

Nyumba ya Rongai imekaa na jike wa manjano wiki kumi na moja. Wamekuja watu wanne kumwona. Wa kwanza alitaka mlinzi mkali wa kufungwa mnyororo mchana, akaambiwa hapana. Wa pili aliogopa sikio. Wa tatu alimpenda sana, lakini mwenye fleti hakutaka. Wa nne ni mwalimu mstaafu wa Kiserian, ana shamba la ekari moja na mbwa mzee wa kiume aliyehasiwa. Alikuja mara tatu, mara ya tatu akiwa na mbwa wake, wakatembezwa pamoja nje ya lango kabla ya kukutanishwa ndani. Blanketi linakunjwa bila kufuliwa, ili harufu iende naye. Binti mdogo amejifungia chooni, na hakuna anayemlazimisha kutoka.

Juu ya meza, ile ile ya siku ya kwanza, mama anamkabidhi mwalimu karatasi ya daftari yenye mwandiko wake. Anakula asubuhi na jioni. Chanjo zote amepata, kadi hii hapa, ya kichaa irudiwe mwakani. Amefungwa kizazi. Anajisaidia nje, ila mvua ikinyesha anasita. Ng'ombe hajui, kuku anawajua kupita kiasi. Chapati isiachwe mezani. Radi haimtishi, pikipiki inamtisha. Watoto anawapenda kuliko wakubwa. Akiitwa Njano anakuja, akiitwa kwa mluzi anajificha. Sasa mtu wa nyumba akiinama hakimbii tena. Mgeni akiinama bado anakimbia, kwa hiyo mwalimu, wiki hizi za mwanzo, viatu avae akiwa ameketi.